Siku Niliyomrekebisha Shosho wa Watu

Mkiniuliza aibu yangu kubwa ni gani sihitaji hata kufikiria, na tena wengine wenu mmeshaisikia kwa Mwikali, mke wangu, ambaye anaisimulia kila tukipata wageni na kila akiisimulia anaitia chumvi, mara ati nililia, mara ati nilipiga magoti nikaomba msamaha kwa Kikamba. Sikulia. Magoti nilipiga, hilo ni kweli, lakini kwa sababu ya kazi, nitawaeleza. Acha leo niisimulie mwenyewe, angalau chumvi iwe yangu.

Mnajua mimi ni fundi wa mabango pale Riruta. Ukiona bucha imechorwa ng'ombe anayetabasamu (sijui anatabasamia nini na anaona aliposimamishwa), au kinyozi yenye yule jamaa mpole, kichwa kimenyolewa, mstari wa nywele umenyooka kwa paji, macho yanakutazama kama anakudai salamu, hiyo ni kazi yangu. Huyo jamaa wa kinyozi ndiye amenilea. Nimemchora miaka kumi na nne, vinyozi vyote vya Riruta na vingine huko Kawangware, namchora nikiongea na simu, namchora nikila mahindi, na sijawahi kumwona popote kwa maisha yangu. Nilimtoa kwa bango moja kuukuu nilipokuwa najifunza kazi, na aliyechora hilo bango naye sijui alimtoa wapi.

Sasa, kuna mama mmoja wa Spring Valley, kule kwa matajiri, tumwite Madam Wairimu, ana ploti za kupangisha Riruta, na siku moja alinikuta nikiandika namba kwa milango yake. Akasimama, akatazama, akaniuliza jina. Nikasema Musyoka. Akafurahi sana, akasema ati watu wa kwetu Ukambani huzaliwa na sanaa mikononi, wachongaji wote hao, nami nikaendelea kuandika namba (maze, mimi hata mwiko wa ugali siwezi kuchonga). Kumbe alikuwa na darasa la kuchora la watu wazima, kila Alhamisi jioni, ndani ya ukumbi wa kanisa moja Kilimani, na mwalimu wake, aliyesomea mambo hayo chuoni, alikuwa ameolewa akahamia Kisumu. Akaniambia nishikilie hilo darasa mpaka maonyesho ya mwezi wa saba. Maonyesho yakienda vizuri ataniajiri kabisa. Yasipoenda vizuri, basi, tutashukuriana.

Nataka muelewe kitu kimoja kabla hamjaanza kunihukumu. Kwa ukoo wa Mwikali, miaka yote hiyo, mimi nilikuwa naitwa "yule wa rangi". Si jina, ni "yule wa rangi". Nikifika kwao mtu anauliza huyu ni nani, anajibiwa ni yule wa rangi. Sasa wiki ya pili tu ya darasa, mama mkwe akapiga simu, akamwuliza Mwikali, "Mwalimu hajambo?" Mwikali akaniangalia na sufuria mkononi, na mimi nikajua hicho cheo sitakiachia mtu, hata nikiambiwa nikitetee kwa panga.

Siku ya kwanza nilikuta wanafunzi kumi na mmoja na sanduku la rangi ishirini na nne, vile vitubu vidogo vizuri vya kukamua. Watu wazima wote wa heshima, wengine walikuwa wamestaafu, wengine wanatoka ofisini na tai bado shingoni, na nilipowaambia wachanganye rangi wakachanganya zote. Kwa saa moja tu vitubu vilikuwa vimekauka na kila mtu alikuwa na kitu cha rangi ya barabara ya Riruta mwezi wa nne. Kijana mmoja anaitwa Kevo, wa kazi za kompyuta hapo hapo Kilimani, alijaribu kuchora machungwa, yakawa viazi. Akaniuliza kama hiyo ni kawaida.

Basi Alhamisi iliyofuata nikaja na mikebe minne ya rangi ya maji kutoka duka la hadiwea. Nyekundu, njano, nyeusi, nyeupe. Nikatangaza, kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, kwamba mwanzo wa hekima ya rangi ni kujinyima, na kwamba mwenye kuelewa nne ameelewa zote. Ukweli ni kwamba hizo nne ndizo pekee ninazojua kuchanganya bila kufikiria, kwa sababu ndizo za jamaa wa kinyozi. Kevo akainua mkono, "Na anga mwalimu, tutatoa wapi buluu?" Nikachukua nyeusi kidogo, nikaitia kwa nyeupe nyingi, nikaipaka kando ya wekundu uliochanganywa na njano, na hiyo kijivu ikageuka buluu mbele ya macho yao. Wakapiga makofi. Nami nilishangaa kuliko wote, maana nilikuwa nimeotea, lakini mwalimu haonyeshi.

Na kwa kweli walijifunza. Wakajua njano na nyeusi inatoa kijani kama ya mboga iliyolala, wakajua ngozi ya mtu mweusi haitoki kwa mkebe wa nyeusi, inatoka kwa nyekundu na njano na ile nyeusi unaiogopa kama pilipili. Kwa hiyo nikawapa kazi ya maonyesho. Kila mtu achore uso mmoja wa mtu anayempenda, juu ya kipande cha hadibodi, ule ubao mwembamba, nilichokata mwenyewe nikakipaka nyeupe.

Hapo ndipo anaingia Mama Shiro. Huyu mama alipiga chapa kwa ofisi ya serikali mpaka akastaafu, mpole, haongei sana, na alichagua kumchora mama yake, shosho (bibi kizee) mmoja wa upande wa Limuru ambaye watu wa nyumba walikuwa na picha yake moja tu, ile ya kitambulisho, kwa sababu hataki kupigwa picha, akiona simu inainuliwa anageukia ukuta. Sasa Mama Shiro alikuwa anaenda kwake kila Jumapili, anakaa naye jikoni, na kila Alhamisi anakuja darasani na kitu kimoja tu alichokiona. Leo kidevu. Wiki ijayo mikunjo ya chini ya jicho. Wiki nane hivyo hivyo, kipande kimoja kimoja. Aliniambia mamake amekubali kuja maonyesho kujiona, akasema, "Mwalimu, hiyo ndio zawadi yenye nitampea. Hana ingine anataka." Nikamwambia asijali, itapendeza.

Jumamosi kabla ya maonyesho nilienda ukumbini saa nane mchana kutundika picha, peke yangu, na nilipomaliza nikarudi nyuma nikaziangalia zote kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Jamani. Zikiwa darasani unaangalia moja moja na mwenyewe yuko hapo anakuchekea, hauoni. Ukiziona ukutani kumi na moja zinakuangalia, ndio unajua. Mchumba wa Kevo alikuwa kama mtu amepigiwa simu ya msiba. Kuna mzee mmoja alikuwa amemchora mjukuu wake, mtoto ana shingo pana kuliko kichwa. Na picha ya Mama Shiro, wiki nane zote hizo, chini ya sikio moja la shosho kulikuwa na kitu kinaning'inia mpaka karibu na shingo, kama rangi ilimtiririka akaiacha ikakauka.

Nikafikiria Madam Wairimu na wageni wake wa Spring Valley. Nikafikiria mama mkwe akiuliza tena "yule wa rangi hajambo?" Nikasema wacha nitoe hilo tone tu. Tone moja, la sikio la shosho, mtu hata hawezi kujua. Nawaapia hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu yote.

Rangi za maji zilikuwa zimefungiwa kwa gari ya Madam. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kazini, begi langu nilikuwa nalo, na ndani kulikuwa na mikebe yangu midogo ya rangi ya mafuta, ile inayong'aa ya mabango, nyekundu, njano, nyeusi, nyeupe, pamoja na chupa ya mafuta taa ya kusafishia brashi. Nikalifunika tone kwa rangi. Sikio likawa zuri, la mviringo, sasa likafanya lile jicho la karibu lionekane limelegea, kwa hivyo nikalisimamisha jicho. Jicho likatofautiana na mwenzake. Nikasimamisha na la pili, nikatia kile kitone cheupe kinachofanya jicho liwe hai, na hapo pua ikakataa kukaa kwa huo uso, ikabidi pua nayo. Mikono ilikuwa inaenda yenyewe. Nilipokuja kushtuka shosho alikuwa amekamilika, ananing'aria, na nikajiambia kwamba si haki kurekebisha mmoja na kuwaacha wenzake, watu wataona tofauti.

Saa kumi na moja nilikuwa nimewamaliza wote kumi na moja. Nikafunika ukuta kwa pazia la kanisa kama tulivyopanga, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi. Nilikuwa na furaha, siwadanganyi. Nililala usingizi wa mtu aliyesaidia watu.

Maonyesho yalikuwa Jumapili baada ya ibada ya pili. Mwikali alivaa kitenge chake cha harusi za wengine, akabeba na leso kwa sababu ya baridi, maana mnajua Nairobi mwezi wa saba jua linatoka likirudi. Wageni walikuwa wengi. Madam Wairimu alikuja na marafiki zake, pasta akaja, familia za wanafunzi zikaja, na huko mbele, kwa kiti chenye mto, shosho mwenyewe, mdogo, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka chini ya masikio, fimbo mapajani, na Mama Shiro kando yake amemshika mkono. Meza ya nyuma kulikuwa na chai na sambusa. Mchumba wa Kevo alikuwa ametengeneza nywele.

Pasta akaomba, akaombea kazi ya mikono yetu kwa urefu. Kisha Madam akasema kabla hatujafunua, mwalimu atuambie neno. Hapo ningesema asante nikae. Lakini mtu ambaye hajawahi kupewa maiki huwa hajui kuirudisha. Nikaeleza rangi nne. Nikaeleza kujinyima. Nikaeleza jinsi fundi wa kweli anajua kumwachia mwanafunzi njia yake, na hapo nikainua mikono yote miwili juu watu waione, nikasema, "Hii mikono haijagusa hata picha moja. Mtakachoona hapa ni chao." Pasta akasema amina. Mwikali alikuwa ananiangalia vile alikuwa ananiangalia kabla hatujaoana.

Pazia likavutwa.

Kwanza watu waliangaliana, kila mmoja akisubiri mwingine aanze. Nami nikaangalia ukuta, sasa kwa mwangaza wa saa saba, na ndio nikaona kitu ambacho jana sikukiona kwa sababu nilikuwa nafanya kazi pua ikikaribia kugusa picha. Walikuwa wanafanana. Wote. Mchumba, mjukuu, mama, baba, dada, marehemu mmoja, wote walikuwa wamenyolewa wakachongwa paji, wote wana kivuli kile kile chini ya kidevu, kitone kile kile jichoni, midomo imefungwa kwa ule upole. Kumi na moja. Rafiki mmoja wa Madam akauliza polepole kama hawa ni watu wa familia moja. Mwingine akasema labda ndiyo maana ya zile rangi nne.

Wanafunzi wangu walikuwa wamesimama kila mtu mbele ya picha yake, na mmoja wao, yule mzee wa mjukuu, aligeuka akaangalia jina lililobandikwa chini, akahakikisha ni lake.

Aliyesema kwa sauti ni soja wa kanisa, yaani mlinzi, Wafula, ambaye alikuwa ameingia kuchukua sambusa. Huyu Wafula anakaa Riruta. Akaja mbele na sambusa yake, akaangalia, uso ukamfunguka wa furaha kabisa, hana ubaya na mtu, akasema, "Ai, huyu si ule wa Kinyozi ya Baba Tony? Mimi nanyolewa chini yake kila wiki mbili." Akaonyesha wa pili. "Na huyu pia." Akaenda akionyesha mmoja mmoja mpaka mwisho wa ukuta, kwa sauti inayopungua, maana alipofika wa saba alikuwa ameanza kuelewa.

Watu wakacheka. Ah, walicheka. Pasta alijaribu kukohoa. Mchumba wa Kevo alimwuliza Kevo hivi ndivyo unaniona, na Kevo, masikini, akasema hapana, hapana, mimi nilikuchora vibaya lakini nilikuchora wewe. Niliangalia mlango nikakuta kuna watu wawili wanene wamesimama hapo.

Shosho hakuwa anacheka. Alikuwa ameinuka kwa fimbo yake, macho hayaoni mbali, akasogea mpaka karibu kabisa na picha iliyoandikwa jina la binti yake, akaangalia, akaangalia, kisha akamwuliza binti yake kwa Kikuyu (Kikuyu ya kutosha naijua, nimekaa Riruta), huyu mwanamume ni nani. Mama Shiro akanigeukia mimi. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Mwalimu, mamangu umempeleka wapi?"

Kicheko kikaisha ukumbi mzima. Nilitaka kusema sijui rangi ilifanya nini, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme labda ni unyevu, na nilipomwangalia usoni nikashindwa. Nikasema, "Nilimrekebisha." Akaniuliza nini ilikuwa mbaya. Nikasema kulikuwa na tone la rangi hapo chini ya sikio. Akafunga macho kidogo. Halafu akaniambia, taratibu kama anamweleza mtoto, kwamba hilo halikuwa tone, lilikuwa sikio. Shosho alitobolewa masikio akiwa msichana, yakavutwa kwa vipuli vizito vile walivyokuwa wanafanya wakati huo, na moja likakatika, likabaki linaning'inia, na kitambaa huwa anakitoa mbele ya binti yake peke yake. Wiki nane za Jumapili. Hilo sikio ndilo lilikuwa la mwisho kumruhusu aliangalie.

Marafiki, mimi nina bibi Ukambani aliyechongwa meno, najua kabisa wazee wetu walivyojirembesha kwa uchungu, na bado niliona tone. Niliona aibu ambayo haina uhusiano na kuchekwa. Kuchekwa nimezoea.

Wakati huo wote shosho alikuwa anaipapasa ile picha, kwa kidole, mahali sikio lake lilipaswa kuwa, na alipokitoa kidole kikatoka cheusi kinang'aa. Akakionyesha binti yake. Mimi nikakiangalia hicho kidole, na ndio akili ikanirudia. Ile rangi ya mafuta ilikuwa imelala kwa mkebe tangu mwaka jana, nilikuwa nimeipaka nene, na ukumbi ulikuwa baridi usiku kucha. Haikuwa imekauka. Lakini rangi yao ya chini, ya maji, ilikuwa imekauka siku nyingi.

Sikuomba ruhusa. Niliendea begi langu nikatoa chupa ya mafuta taa, nikatafuta kitambaa nikakosa, na Mwikali akavua leso yake mabegani akanitupia. Akasema, "Anza na yake." Hiyo tu. Nikatandaza gazeti chini, nikaishusha picha ya shosho ukutani, na hapo ndipo nilipiga magoti, na suti yangu, mbele ya pasta na Spring Valley yote.

Nilikuwa na woga wa kusugua sana nitoe zote mbili. Nikaanza pembeni, kwa kidevu, leso imelowa kidogo tu, na jamaa wa kinyozi akaanza kutoka. Ilikuwa kitu cha ajabu kumfuta, maana yule mtu nimemchora miaka hiyo yote sijawahi kumfuta. Kidevu alichochora Mama Shiro kikajitokeza, kimepinda. Mikunjo ikatokea. Jicho lililolegea likatokea, na sasa nililiangalia vizuri nikaona halikuwa limelegea, lilikuwa la mtu anayekuangalia akijua unachotaka kumwomba. Mama Shiro alikuwa amechuchumaa kando yangu, ananiambia polepole hapo, polepole, na tulipofika kwa sikio alinipokonya leso akafuta mwenyewe.

Lilipotokea, lile sikio refu lililokatika, shosho aliinama karibu sana. Ukumbi mzima ulikuwa unanuka mafuta taa na sambusa. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa. Kisha akainua mkono, akasukuma kitambaa chake nyuma, pale pale mbele ya watu wote, akalishika sikio lake halisi, likining'inia vile vile, akacheka cheko la msichana. Akasema, "Sasa ndio mimi." Mama Shiro akalia, nami wacha niseme macho yalikuwa yananiwasha kwa sababu ya mafuta taa, na Mwikali akisema lingine msimwamini.

Zilikuwa zimebaki kumi. Nilizifuta zote, moja baada ya nyingine, kila mwenye picha amesimama juu yangu ananiamrisha, huku wageni wanakunywa chai wamezunguka kama watu wa kuangalia ajali. Kila uso ukitoka watu wanapiga makofi. Shingo ya mjukuu ikashangiliwa. Mchumba wa Kevo alipojiona, na ule uso wake wa msiba, alisema hivyo ndivyo alikuwa siku walipokutana, alikuwa amefutwa kazi asubuhi yake. Kumbe Kevo alimchora makusudi vile alivyokuwa siku hiyo. Na mimi nilikuwa nimemtia tabasamu.

Madam Wairimu alisubiri nimalize ndio akasimama. Nikajua sasa ni ule wakati wa kushukuriana. Alikuwa amekasirika, haikufichika, akasema yeye alikuwa na mpango wa kutangaza mwalimu leo, lakini baada ya haya atawauliza wanafunzi wenyewe, maana ni kazi yao iliyoguswa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na leso nyeusi mkononi, magoti yamelowa, na nilianza kumtafutia mama mkwe maneno. Hapo Mama Shiro akainua mkono, vile alivyokuwa anainua darasani.

"Aendelee," akasema. "Zile rangi nne alitufundisha ukweli. Lakini brashi aache kwao."

Ikapita. Hata wale watu wanene wa mlangoni walipiga makofi, na hawakuwa wa darasa.

Kwa hivyo bado nafundisha, kila Alhamisi, rangi zile zile nne, na nikifika mlangoni Kevo ananikagua begi kama soja wa benki. Sijawahi tena kugusa picha ya mtu, na sitagusa, hata nikiona pua imepanda kwa paji. Mikono naiweka mfukoni, nauliza tu. Alhamisi iliyopita nilipita kwa mama mmoja mgeni, amechora bwana yake, macho mawili lakini moja liko juu sana, karibu na nywele, na vidole vyangu mfukoni vikaanza kuniwasha. Nikamwuliza, kwa adabu, kama hilo jicho liko sawa hapo juu. Akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Hapo ndio huwa inaenda akinidanganya."

Nikamwambia sawa, nikaenda kunywa chai.